Upepo Uliokosa Mwenyewe

Daktari aliyenipasua ili kuondoa kidole tumbo kilichokuwa kimetoboka alinipa sharti moja tu kabla ya kuruhusiwa kutia chakula kinywani, nalo lilikuwa ni kutoa upepo. Habari za njaa yangu hazikumshughulisha hata kidogo. Kila alipopita wodini alisimama miguuni pa kitanda na kuinua nyusi, nami nikatikisa kichwa kwa unyonge, akaandika jambo kwenye faili na kuondoka na wanafunzi wake, ambao walinitazama kwa majonzi makubwa kuliko yale yaliyostahili shauri lenyewe.

Aliyenieleza kisa cha sharti hilo ni muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyejaliwa kila kipaji cha kazi yake isipokuwa kile cha kunong'ona. Utumbo, alisema kwa sauti iliyofika hadi dirisha la mwisho, hauna subira na mtu anayeushikashika. Ukishaguswa na mikono ya mpasuaji, ukavimba kidogo, na neva zile zinazoamka wakati wa hatari zikauamuru utulie, basi huacha kazi. Na morfini tuliyokupa kwa ajili ya maumivu, mwanangu, nayo inaulaza zaidi. Ukianza kuamka, hauamki wote kwa pamoja. Utumbo mwembamba hurejea kazini kwanza, mara nyingi katika siku ya kwanza, tumbo lenyewe hufuata, na utumbo mpana hujikokota mpaka siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana daktari hababaishwi na ngurumo za tumboni, kwa kuwa hizo zaweza kuwa za huko juu tu, bali anangoja habari kutoka mlangoni kabisa. (Nimekuja kufahamu baadaye kwamba siku hizi madaktari wengi huruhusu chakula mapema bila kungoja habari hiyo. Wangu hakuwa miongoni mwao.)

Kitanda cha pili alilala bwana mmoja aliyepasuliwa ngiri iliyokuwa imebana utumbo, naye alikuwa chini ya sharti lilelile. Tulipewa ubani tutafune, kwa sababu kutafuna huuhadaa ubongo ukadhani chakula kinakuja, ukautumia utumbo ujumbe wa kujiandaa. Basi tukawa tunatafuna, tukitembea ukumbini kwa kuinama, kila mmoja ameshika nguzo ya dripu yake, tukisikilizana kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kati ya wanaume wawili wasiofahamiana.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, jirani yangu alitembelewa na mama mkwe wake, bibi mwenye haiba ambaye mbele yake bwana yule hakuthubutu hata kukunja goti. Alikuwa akimwitikia kwa adabu, "Naam, mama," na ndipo palipotokea, katikati ya neno "mama," mlio mrefu, wenye kupanda na kushuka, ambao hakuna mtu wodini aliyeweza kudai kuwa hakuusikia.

Jirani yangu akageuza shingo polepole akanitazama mimi.

Muuguzi akaja mbio huku akipiga makofi. "Hongera, mwanangu! Nilijua tu!" Nikamwambia kwamba hongera hizo si zangu. Akanijibu kuwa kujamba baada ya kupasuliwa si aibu, tena ni neema, akafungua faili langu na kuandika saa. Nikasisitiza. Mama mkwe akaniambia kwa upole uliochanganyika na kuziba pua, "Usione haya, baba, sote ni binadamu," naye mkwewe akaitikia kwa kichwa, jasho likimtiririka. Trei ya chakula ikaletwa, ikawekwa mbele yangu, na mvuke wake ukaelekea moja kwa moja kwenye kitanda cha pili.

Daktari alipoitwa kuthibitisha, aliweka stetoskopu juu ya tumbo langu akasikiliza kwa muda mrefu. Kimya. Akalibonyeza, likawa gumu na limejaa. Bila kusema neno akahamia kwa jirani, na hata kabla stetoskopu haijagusa ngozi, tumbo la bwana yule lilitoa mngurumo kama pikipiki inayokataa kuwaka. Daktari akamuuliza mbele ya watu wote kama ana la kusema. Bwana akamtazama mama mkwe, akaitazama trei, akamtazama tena mama mkwe. Wanafunzi walikuwa wameacha kuandika.

"Ni mimi," akasema, na trei ikahamishwa.

Hapo ndipo daktari, ambaye hakupoteza nafasi yoyote ya kufundisha, akawaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1899 wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, walionyesha huko Uingereza jinsi utumbo unavyojibana nyuma ya mzigo na kulegea mbele yake, hata neva zinazotoka nje yake zinapokatwa; kwa hiyo, alisema, utumbo haungoji idhini ya mwenyewe, sembuse kuangalia ni nani aliyekuja kumtazama. Mama mkwe aliaga mapema.

Wangu ulikuja usiku wa manane, mfupi na usio na madoido. Nikabonyeza kengele. Muuguzi akaja, akasimama na kalamu mkononi, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuaibishwa mara moja na faili langu, akataka shahidi.

"Mimi hapa," ikatoka sauti ya jirani gizani. "Nimeusikia, mama, na wala si kusikia tu."

Akaandika saa, kisha akaenda kufungua dirisha.