Kuamia Ndege kwa Simu

Leo nimebipiwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mke wangu akibipu mara moja, hiyo ni salamu. Akibipu mara tatu mfululizo, mbuzi amekufa au hela imeisha. Leo alibipu mara tano.

Mimi ni mtu wa wizarani. Msicheke. Kwetu Mpwapwa ndivyo wanavyojua, na sijawahi kuwasahihisha kwa sababu si uongo: pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, nimefanya kazi wizara nne, zote na karai kichwani. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kikwelikweli mwaka 2016, na mimi nikaacha jembe nikaifuata. Wenzangu walikuja na makabati, mimi nilikuja na chepe.

Nauli sizungumzii. Ya kutolea ndiyo kabisa.

Saa tatu nikakopa salio, nikapiga. Tuko ghorofa ya pili, tunamwaga slabu, na zege halina subira.

"Baba Neema, kwelea wameingia."

"Wameingia wapi?"

"Unadhani wameingia benki? Kwenye mtama!"

Bwana shamba alishatuambia kwelea mmoja anakula gramu 10 kwa siku. Unaona si kitu. Sasa wakija laki moja, hiyo ni tani nzima kabla jua halijazama. Mimi tani naijua ya saruji tu, tena mgongoni.

"Neema si yupo?"

"Neema yuko shule. Mbwa amezeeka, anawaangalia tu. Ila sauti yako wanaiogopa. Naweka spika."

"Mama Neema..."

"Nimeshapanda kichuguuni na simu nimeinyanyua. Haya, waamie."

Mimi ni mtu mzima, nina kitambulisho cha saiti chenye picha. Nikatazama kushoto, msimamizi hayupo. Nikajikohoza kama mgeni rasmi.

"Swaa."

"Hawajasikia."

"SWAAA! HOYAAA! TOKENI KWENYE MTAMA WA WATU!"

Winchi ikasimama. Chini kule aliyekuwa anakunja nondo akaitupa nondo akatimua mbio, akijua jukwaa linaporomoka, na wengine wanne wakamfuata bila kuuliza. Msimamizi akapanda ngazi anahema.

"Nani atoke?"

"Ndege, bosi."

Akaangalia juu. Hakuna hata njiwa.

Nikarudi kwenye simu. "Wameondoka?"

"Waliruka kidogo. Wamerudi, wametua kwenye koti lako."

"Koti gani?"

Akanyamaza. Mama Neema akinyamaza salio linakwenda vilevile.

"Lile la harusi. Nimelivalisha sanamu. Si lilikuwa limekaa tu?"

Limekaa tu! Koti la vifungo vitatu, miaka tisa sandukuni na kipande cha sabuni ili lisinuke! Nilikuwa nalitegemea mwezi wa saba, shemeji anaoa. Kabla sijapata la kusema akaongeza, kwa furaha kabisa, "Na huyu mdogo amelizoea kweli. Kila asubuhi akipita analiamkia, 'Shikamoo, baba.'"

Salio likakata hapo hapo. Sikupata hata kuuliza kama linaitikia.

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Mara ya mwisho nimefika nyumbani ilikuwa wakati wa kupanda, huu ni mwezi wa tano. Hivi hilo sanamu limewahi kununua hata chumvi? Limelipa lini trekta? Kazi yake kusimama, tena kwa miti miwili, na kwelea wanalikalia mabegani! Halafu ndilo linaloamkiwa. Mimi ninayetuma naitwa "yule wa kwenye simu."

Nusu siku imekatwa. Saiti nzima sasa wananiita Kwelea, hadi mama ntilie, ambaye leo kanipimia wali wa kindege.

Nimerudi chumbani, maji hakuna, vumbi hadi ndani ya chandarua. Sijavua hata buti, mama mwenye nyumba anagonga. Kodi bado, kodi ni tarehe tano. Kumbe habari imeshafika. Mwewe anambebea vifaranga, anauliza kwa mwewe huwa natoza shilingi ngapi.