Eti Alirudi Nyumbani Kupumzika

Siku ya khitma ya Mama alisimama bwana mmoja kutoka ofisi yao ya zamani, akatoa karatasi mfukoni, akasoma salamu za rambirambi. Marehemu alizaliwa 1939. Aliajiriwa 1960. Alikuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 34, akastaafu 1994 akiwa na miaka 55. "Baada ya hapo," akasoma, "marehemu alirudi nyumbani kupumzika."

Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia. Jirani yetu mmoja akaguna. Mwingine akauliza, kwa sauti ambayo nina hakika ilivuka pazia ikawafika wanaume na visahani vyao vya tende: "Alipumzika lini?"

Arobaini imepita na swali lile bado ninalo. Sina kisa na yule bwana. Alisoma alichoandikiwa. Ila karatasi yake ilinionyesha jinsi tunavyohesabu maisha ya mwanamke: kilichopitia kwenye daftari la mishahara ni kazi, kilichobaki ni mapumziko.

Miaka ile 34 nitaipita haraka, maana hiyo angalau imeandikwa mahali. Alianzia Bombo, hospitali yetu ya Tanga, wodi ya wazazi, enzi ambazo sindano zilikuwa za kioo. Ikishatumika inaoshwa, inachemshwa, inarudi kazini, na ncha ikianza kugoma inanolewa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuja na vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo, siku zake za mapumziko alizimalizia vijijini, mara Pongwe, mara Tongoni, akieleza shimo liwe mbali kiasi gani na kisima. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, kwa hiyo hakuwa peke yake, na yeye mwenyewe asingependa nimfanye shujaa wa pekee. Halafu ikaja ile miaka baada ya Vita vya Kagera, sabuni ikawa kitu cha kupanga foleni tangu alfajiri. Sare ilitakiwa iwe nyeupe vilevile. Mama alifulia majani ya mpapai, na kazini alifika gauni limenyooka.

Sasa nije kwenye hayo "mapumziko".

Tuliishi Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, na mlango wetu haukuwa na usiku. Watu walimwita Bi Nesi, na wengi hawakujua jina lake jingine. Alipostaafu alinunua Phoenix iliyotumika (Tanga baiskeli si kitu cha ajabu hata kwa bibi mwenye buibui) na kuanzia hapo akawa hakamatiki. Aliwakalisha wakunga wa jadi uani kwetu akawafundisha wembe mpya kwa kila mtoto, uzi uliochemshwa, na majivu yasiguse kitovu kabisa. Baadhi yao walikuwa wakubwa kuliko yeye na waliwahi kumzalisha mtu ambaye naye ni bibi. Hakuwaambia wajinga. Aliwaambia, "Mikono yenu ninaiamini, wembe wenu siuamini."

Lakini kazi iliyomfanya Bi Nesi awe Bi Nesi ni ile ambayo watu hawaitaji mbele za wageni.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera 1983, nasi huku pwani tukaona ni habari za mbali. Miaka ya tisini haikuwa mbali tena. Watu walianza kufa Ngamiani, na ikatokea maiti inalala ndani huku waoshaji kila mmoja ana udhuru wake: huyu mgongo, huyu amesafiri, huyu mjukuu anaumwa. Mama alikwenda. Alichukua ndoo mbili, glavu, maji yenye jiki, majani ya mkunazi na kafuri, akaosha. Safari ya pili akachukua wanawake wawili ili waone. Safari ya tatu aliwaachia waoshe wao, yeye akakaa kwenye kigoda.

Maiti ikiwa ya mwanamume asingeweza kuingia, kwa hiyo alikaa nje ya mkeka uliosimamishwa na kuelekeza kwa sauti. "Una kidonda mkononi? Kifunge kwanza. Vaa glavu. Usimkamie, mgeuze taratibu, huyu ni ndugu yako." Nilimsikia nikiwa nimesimama na beseni. Wanaume wazima, wabeba mizigo wa bandarini, wakijibu "ndiyo Bi Nesi" kama watoto wa chekechea.

Kwa kazi hiyo hakuna aliyemlipa, na kwa miaka kadhaa kuna majirani walioacha kula kwetu.

Waliomwosha yeye ni wanawake watatu aliowafundisha mwenyewe. Nilikuwemo. Walipofika kwenye maji ya mwisho, mmoja wao, ambaye ana zaidi ya miaka ishirini katika kazi hiyo, alishika kafuri, akasita kidogo, akainua uso: "Bi Nesi, inatosha hi..." Akanyamaza. Tukabaki hivyo kwa muda, maji yakichuruzika.

Hiyo ndiyo kazi ambayo karatasi iliita kupumzika.

Baadaye ilikuja kazi nyepesi kidogo, ya kugawa dawa za matende na mabusha. Sisi watu wa pwani ya Tanga tunayajua maradhi hayo toka enzi za mababu, na mbu wetu hawajawahi kufanya mgomo. Dawa ni vidonge vya kumeza mara moja kwa mwaka, na idadi yake kwa kila mtu inapimwa kwa kimo, kwa fimbo yenye alama. Mama, miaka sabini na zaidi, alikuwa akipita barazani na fimbo yake, anasimamisha wanaume mmoja mmoja. Mvuvi mmoja wa Sahare akakataa, akasema yeye mzima. Mama akamtazama juu hadi chini. "Mzima, mbona kikoi kimetangulia?" Baraza lote likalala kwa kicheko, na yule mzee akameza vidonge vyake na maji ya watu wawili.

Malipo? Fulana. Tulipofungua sanduku lake tulikuta fulana kumi na moja, za kampeni ya chanjo, ya vyandarua, ya unawaji mikono, nyingine bado zimo kwenye mfuko wa plastiki, zote saizi ya mtu mnene mara mbili yake. Pamoja na kofia na vyeti. Kwa kusema kweli, kazi kubwa iliyofanywa na fulana zile nyumbani kwetu ni kudeki.

Hapa sitaki kuandika kana kwamba mimi nilikuwa nashangilia. Mwaka 1982 nilifanya mtihani wa darasa la saba, na asubuhi ile nilitoka nyumbani bila kuonana na Mama kwa sababu mke wa mtu alikuwa na uchungu tangu usiku. Nilimnunia miaka mingi kuliko nilivyowahi kumwambia. Na nyuma ya Bi Nesi kulikuwa na mtu mwingine ambaye hata majirani hawamtaji: dada yangu mkubwa. Tulikuwa watoto sita. Baba alikuwa karani reli, mtu mpole asiyejua chumvi inakaa wapi. Dada alisonga bada tangu ana miaka tisa. Mama akiitwa saa nane za usiku, aliyeamka kukoka moto na kumnyamazisha kitinda mimba ni Dada. Hakumaliza sekondari. Siku ya khitma watu walimsifu Mama kwa moyo wake, wakati Dada yuko uani anakosha sufuria.

Ndiyo maana neno "moyo" limeanza kunikera. "Bi Nesi alikuwa na moyo." Sawa, alikuwa nao. Lakini naona tunalitumia kama risiti: tukishasema mtu ana moyo, tumemaliza, hadai kitu. Mafuta ya taa ananunua nani? Tairi la baiskeli? Watoto wanabaki na nani? Moyo haujibu hayo. Anayejibu ni mama mwenyewe, kwenye kibubu chake, na baada yake binti yake mkubwa.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikisha zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Nimeufurahia. Wapo watakaosema kulipa kutaua ule moyo wa kujitolea. Mimi nimelelewa ndani ya huo moyo na ninasema walipwe, tena kwa wakati, na wasilipwe fulana. Niliwahi kumwuliza Mama kama alitaka mshahara. Alifikiri, akasema, "Mshahara sijui. Nauli wangenipa."

Mimi nilidhani ni utani, mpaka nilipoona daftari. Lilikuwa chini ya zile fulana, kaunta buku lenye jalada gumu, na ndani yake kila safari aliyotoka tangu 1994 imeandikwa kwa mwandiko wake wa wodini, wa kuegemea kulia. Januari 1998, ile mvua ya El Niño: "Mtoto wa kike, mzima. Wembe 1, pamba, taksi kurudi, baiskeli haipiti. Sijarudishiwa." Pembeni, kwa wino mwingine: "Wameleta embe." Kurasa na kurasa hivyo. Mtoto, wembe, nauli. Maiti, glavu, jiki. Mwanamke tuliyesema hahesabu alikuwa anahesabu hadi pamba. Kwenye kurasa chache, chini kabisa, ameandika jina la Dada na neno moja: "alibaki."

Nimelitoa nakala. Moja nimempa Dada, ambaye bado hajasema kitu. Nyingine nilimpelekea yule bwana wa salamu, nikamwomba iingie kwenye faili la Mama. Alinipokea kwa adabu, akanikaribisha kiti, akaenda kutazama. Aliporudi alikuwa bado ameishika. Aliniambia faili la Mama lilifungwa 1994.