Penzi Lililokomaa Nalo Linataka Wimbo

Nyimbo nyingi za mapenzi huishia mlangoni: kijana kamwona binti, moyo unamdunda, anaomba akubaliwe. Waliokwishaishi pamoja miaka na bado wanatamani kucheza hawaimbiwi sana. Ndiyo maana Harvest Moon ya Neil Young naiweka mbele ya nyimbo zote za gitaa kavu ninazozijua.

Young, mwanamuziki kutoka Kanada, aliutoa mwaka 1992, akikaribia kutimiza miaka 47, akimwimbia mkewe Pegi waliyeoana mwaka 1978. Muda mfupi kabla alikuwa ziarani na bendi ya Crazy Horse, magitaa ya umeme yakinguruma, na kazi ya kuchanganya sauti za albamu ya Weld ikamwachia masikio yanayovuma. Akahitaji upole. Miaka 20 nyuma kilichomsumbua kilikuwa mgongo: gitaa zito la umeme lilimshinda kubeba, na albamu ya Harvest ikatoka imejaa gitaa kavu. Mara mbili mwili umemlazimisha kushusha sauti, na mara zote mbili ametunga vizuri zaidi. Kwangu hiyo si bahati.

Sikiliza mwanzo wake. Uzi mnene umelegezwa hadi noti ya D, halafu kidole kinazigusa nyuzi katikati kabisa bila kuzikandamiza, zinalia kama vikengele. Chini yake kuna mkwaruzo laini, shwaa, shwaa. Huo ni ufagio! Larry Cragg, fundi wa magitaa yake, alikuwa akifagia sakafu kwa kufuata mdundo. Mwimbaji Linda Ronstadt, aliyeitikia pia katika Heart of Gold, wimbo wa albamu ile ya Harvest, anaitikia hapa kwa sauti ya chini.

Wako wanaosema wimbo umepoteza maana kwa kuwa Young na Pegi waliachana mwaka 2014. Sikubali hata kidogo. Mwimbaji haahidi milele. Anamwambia mkewe kwamba bado anampenda, watoke nje usiku huu wacheze. Hilo lilikuwa kweli lilipoimbwa.

Wengi wameurudia. Cassandra Wilson aliuingiza kwenye jazi mwaka 1995, na mwaka 2012 kundi la Poolside la Los Angeles likaugeuza disko ya taratibu. Disko yao inachezeka, naipenda, ila unasikia vijana waliokutana jana. Wilson, kwa ile sauti yake nzito isiyo na haraka, anaimba kama mtu anayemjua mwenzake hadi anavyokohoa, na ndiye niliyemwona ameuelewa.