Likeri ya Machungwa Ndiyo Sukari Yako

Shemeji yangu alipiga funda moja, akaiweka bilauri mezani taratibu, akaniuliza: "Hii ni kokteli au dawa ya kikohozi?" Sikuwa na jibu. Ndani ya bilauri ile mlikuwa na jini, likeri (pombe kali iliyotiwa ladha na sukari) ya machungwa, juisi ya machungwa, shira ya sukari niliyoichemsha mwenyewe kwa mbwembwe, na likeri ya mitishamba niliyoimimina dakika ya mwisho ili nionekane mjuzi. (Jini la chupani, ndiyo, ile pombe kali, si pepo. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, na kuna usiku tofauti yake haionekani.)

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na nimeshagombana na watu kadhaa kwa ajili yake: ukishatia likeri kwenye kokteli, umeshatia sukari. Funga kopo la sukari. Watu wengi wanaochanganya vinywaji nyumbani huichukulia likeri kama manukato, kitu cha kunyunyiza juu ya kinywaji ambacho tayari ni kitamu, ndiyo maana bilauri zao zinanata mezani.

Tuhesabu kidogo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, kinywaji hakiitwi likeri mpaka kiwe na angalau gramu 100 za sukari kwa lita, ukiacha aina chache zilizoruhusiwa kupungua. Hicho ni kiwango cha chini, na nyingi hukizidi mara mbili na zaidi. Likeri yenye gramu 250 kwa lita, ukipima mililita 30, imekupa gramu saba na nusu, karibu vijiko viwili vya chai. Nani anatia vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe kidogo cha chai, halafu anaongeza asali?

Mapishi ya zamani yanalijua hili. Sidecar, kwa vipimo vya chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ni konyaki (brandi ya Kifaransa) mililita 50, likeri ya machungwa 20, maji ya limau 20. Margarita ni tekila 50, likeri hiyohiyo 20, maji ya ndimu 15. White Lady ni jini 40, likeri 30, limau 20. Shira haimo hata katika moja. Likeri imebeba utamu, limau limebeba ukali, na pombe yenyewe imepata nafasi ya kusema jambo. Ukizishika kokteli hizi tatu huhitaji kitabu kwa muda mrefu.

Tatizo langu la usiku ule lilikuwa juisi ya machungwa. Ilionekana kama akili: likeri ni ya machungwa, basi niongeze machungwa. Lakini asidi ya chungwa ni ndogo mno ukilinganisha na ya limau au ndimu, kwa hiyo haiwezi kuukata utamu. Inauongeza tu, na kukiacha kinywaji kimepooza. Likeri ya machungwa haikutengenezwa kwa juisi hata kidogo. Cointreau ya Angers, Ufaransa, hupatikana kwa kukeneka maganda, yaani kuyachemsha kwenye kileo na kukusanya mvuke wake, maganda ya machungwa matamu na machungu pamoja. Grand Marnier huchanganya harufu ya machungwa machungu na konyaki, ndiyo maana ina uzito wa mti na haiendi vizuri na kila kitu. Zote mbili zina asilimia 40 ya kileo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unaongeza ladha tu.

Harufu iko kwenye ganda. Mafuta ya ganda huyeyuka kwenye kileo, lakini hayapatani na maji, na ndiyo sababu baadhi ya likeri za limau hufanya ukungu ukizitia maji. Kwa hiyo ukitaka kinywaji chako kinukie zaidi, usiongeze likeri. Menya kipande chembamba cha ganda, epuka ile nyama nyeupe maana ni chungu, kikamue kwa vidole juu ya bilauri mpaka uone vitone vya mafuta vikielea. Hakuna gramu ya sukari humo, na pua ya mnywaji itadhani umeongeza nusu chupa.

Sasa upande wa mitishamba. Hapa ndipo watu huogopa, na woga una haki yake. Chartreuse ya kijani, wanayoitengeneza watawa wa Kikarthusi huko Ufaransa, ina mimea 130 na nguvu ya asilimia 55. Ukiimimina kama unavyomimina likeri ya machungwa, utakunywa bustani nzima. Mimi huanza na mililita 5, kijiko kimoja cha chai, ndani ya White Lady ya kawaida, huku nikipunguza likeri ya machungwa kwa kiasi hichohicho. Kijiko hicho kinatosha kabisa. Ile kokteli maarufu ya Last Word hutaka vipimo sawa vya jini, Chartreuse ya kijani, likeri ya maraschino (ya cheri) na maji ya ndimu, na najua ina mashabiki wakali. Kwangu mimi inakuwa tamu na nzito kupita kiasi. Nazidisha jini mara mbili, wakasirike wanaotaka kukasirika.

Campari na Aperol, vinywaji vichungu vya Italia, zina hila yao: uchungu huficha sukari. Unakunywa Negroni, vipimo sawa vya jini, vermouth nyekundu (divai iliyotiwa mitishamba na kuongezwa kileo) na Campari, unajiona mtu mzima asiyependa vitamu, kumbe sukari imejaa tele. Sizikatai. Nasema tu kwamba zikiwa chunguchungu na zenye harufu ya chungwa tayari, hazihitaji likeri nyingine ya machungwa kando yake. Aina moja ya likeri kwa bilauri moja. Ya pili iwe kijiko, si kipimo.

Barafu nayo wengi huibania. Ubaridi hupunguza utamu ulimini, na maji yanayoyeyuka ni sehemu ya kinywaji. Kokteli yenye limau itikise kwa nguvu na barafu nyingi kwa sekunde kumi na zaidi; isiyo na limau ikoroge tu. Ukionja kabla ya barafu utadhani umeharibu, ukaongeza limau, halafu ndipo uharibu kweli.

Usinunue chupa tano kwa mkupuo. Nunua moja, ionje kavu, ionje na barafu, ionje na soda ya maji, ujue inaanza vipi na inaishia wapi kooni. Za asilimia 40 hukaa kabatini muda mrefu bila shida, mbali na jua. Aperol ina asilimia 11 tu. Ukishaifungua ni bora ikae kwenye friji, maana harufu yake hufifia mapema. Chartreuse naiweka nyuma kabisa ya rafu, kwa kuwa watawa wale waliamua kutoongeza uzalishaji, na shemeji siku hizi anajua chupa zilipo.