Kila mstari ulikuwa siku

Ofisini kwetu Lamu tuna programu ndogo ya Python inayowapa manahodha saa za kupita Mkanda, mkondo usiopitika mpaka maji yajae. Juzi kijana wetu aliipitisha yote kwenye Black, zana inayoupanga msimbo yenyewe. Mwenzetu mkongwe akaja juu, na watu wakamwona mkaidi anayechukia mambo mapya. Nadhani hakueleweka.

Kijana ana hoja. Tangu lugha ya Go itangazwe 2009 na gofmt, zana yake ya kupanga msimbo, wanaoitumia hawagombani tena juu ya nafasi na mabano. Black nayo huhakikisha kwamba ulichoandika hakijabadilika maana kwa kompyuta.

Kwa kompyuta, sawa. Lakini tazama jedwali la maji. Lilikuwa mistari 30, siku za mwezi mwandamo, kila mstari namba nne: kujaa, kupwa, kujaa, kupwa. Ukishuka nalo kwa jicho uliona maji yakichelewa kila siku kama dakika 50, na namba iliyokosewa ilijitoa yenyewe. Mwisho wa mstari wa 15 paliandikwa “bamvua”, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Black ilipoona orodha imezidi herufi 88 za mstari mmoja, ikaipa kila namba mstari wake. Sasa ni namba 120 zimesimama wima kama foleni ya boti ya Mokowe, na “bamvua” imening'inia kwenye namba moja, hujui ni ya siku gani pasipo kuhesabu kwa kidole. Hakuna namba iliyoguswa. Siku ndizo zilizopotea.

Angeifungia kila siku mabano yake, Black isingeitawanya. Hilo namlaumu mkongwe. Hata hivyo nafasi alizoziweka ili namba zikae sawasawa zingefutwa.

Kuna na la majina. Ukiiuliza Git, zana inayotunza historia ya msimbo, nani aliandika mstari fulani, mara nyingi hujibu ni kijana, hata ule ulioandikwa kabla hajaijua Python. Hili lina dawa: tangu toleo 2.23 la 2019, Git inaweza kuambiwa iruke badiliko kama hilo.

Jedwali tumelirudisha, limezungushiwa “fmt: off” na “fmt: on”, alama za kuiambia Black isiliguse. Mkongwe ameandika juu yake: “Usinyooshe, kila mstari ni siku.” Kijana, akilisoma kwa mara ya kwanza, akauliza mbona bamvua ya mwezi unapoandama haikuandikwa, akaiongeza kwenye mstari wa kwanza.