Panjakent si kiambatisho cha Samarkand

Ukisoma habari za Panjakent, wilaya ya wakulima katika bonde la mto Zarafshan, magharibi mwa Tajikistan, mara nyingi utaanza kwa kuambiwa iko kilomita 60 hivi kutoka Samarkand, mji maarufu wa Uzbekistan. Huko ni kuipunja. Samarkand ina majumba na makaburi ya wafalme. Panjakent ina kitu adimu zaidi: nyumba za watu wa kawaida, na mikataba yao.

Sarazm, makazi ya kale kilomita 15 hivi magharibi mwa mji wa Panjakent, ilikaliwa tangu milenia ya 4 KK na watu waliolima na kuyeyusha metali. Katika kaburi la mwanamke mmoja zilikutwa shanga za feruzi na lapisi lazuli (jiwe la thamani la buluu) pamoja na vikuku vya gamba la bahari, na bahari kuu ya karibu iko mbali zaidi ya kilomita 1,000. Biashara ya masafa marefu ilishazoeleka hapa maelfu ya miaka kabla ya hiyo Njia ya Hariri inayotajwa kila siku.

Katika karne ya 5 BK Wasogdi, watu wa kale wa eneo hili waliosema lugha ya jamii ya Kiirani, walijenga mji wao juu ya kilima kilicho jirani na mji wa leo. Mwaka 722 jeshi la Waarabu lilimfuata mtawala wao, Devashtich, hadi ngome ya Mlima Mugh, mashariki zaidi katika bonde hilo hilo. Alikamatwa, akauawa. Nyaraka alizoziacha zilikaa kifusini hadi miaka ya 1930, nazo ndizo hazina yenyewe. Mojawapo ni mkataba wa ndoa wa mwaka 710, ulioandikwa kwenye ngozi: mume akioa mke mwingine au kuweka suria bila ridhaa ya mkewe, atamlipa mkewe dirhamu 30, na hataruhusiwa kuendelea kumweka mwanamke huyo mwingine. Mkataba mwingine unahusu vinu vitatu vya maji ambavyo Devashtich alimpangisha mtu kwa kodi ya vipimo 460 vya unga kwa mwaka. Hapo unaiona wilaya yenyewe: mfereji, kinu, unga, na mke anayejua haki yake.

Rudaki, mshairi mkubwa wa Kiajemi wa karne ya 10, alizaliwa katika kijiji cha Panjrud humu humu wilayani. Mipaka ya kisovieti ya 1924 iliiweka Panjakent upande wa Tajik na Samarkand upande wa Uzbek. Baadaye sana, mwaka 2010, kivuko cha mpakani kilifungwa hadi 2018, na safari ya saa moja au mbili ikawa ya kuzunguka milima.

Linalotia uchungu zaidi ni kuta. Mji ule wa Wasogdi ulijengwa kwa matofali mabichi na udongo ulioshindiliwa. Picha za ukutani, zilizochorwa juu ya lipu ya udongo, zilidumu kwa sababu vyumba vilijaa kifusi kikavu. Ukifukua, umeondoa kinga hiyo. Mvua huyeyusha ukuta kuanzia juu, na unyevu wa ardhini hupanda na chumvi. Maji yakikauka, chumvi hugeuka fuwele na kumomonyoa udongo wa chini, hadi ukuta unabaki na kiuno chembamba na kuanguka wenyewe. Paa huzuia mvua tu. Kama mashamba ya jirani yanamwagiliwa, chumvi itaendelea kupanda. Kupaka saruji ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa unyevu hufungiwa ndani na udongo hubomoka nyuma yake.

Kinachofaa ni kuchora ramani na kupiga picha kila chumba, kuhamishia michoro makumbusho, kisha kurudisha udongo mkavu uliochekechwa. Kuta chache za kuonyesha wageni zipakwe lipu mpya ya udongo na nyasi zilizokatwakatwa kabla ya kila majira ya baridi, na mitaro ipeleke maji mbali na misingi yake. Watalii wataona vichache, lakini vilivyobaki chini vitawangoja wachimbaji wenye vifaa bora kuliko vya leo.