Mla posho ana sura, mkwepa kodi ana mhasibu

Mwaka 1976, Ronald Reagan akiwania tiketi ya Republican kugombea urais wa Marekani, alisimulia mikutanoni habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina 80, anayejichotea misaada ya serikali. Hakumzusha. Magazeti yalishamwandika tangu 1974, na alikuwa tapeli kwelikweli. Ila mahakama ilipomtia hatiani mwaka 1977, kilichothibitishwa ni hundi 23 kwa majina mawili ya bandia. Hayo mawili nani anayakumbuka?

Kisa kilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye ugumu, maana mamilioni waliopokea misaada kihalali walipakwa tope la mtu mmoja. Mtafiti Shanto Iyengar aliwahi kuwapima watazamaji wa taarifa za televisheni kuhusu umaskini. Walioonyeshwa maisha ya mtu mmoja walielekea kumlaumu maskini mwenyewe. Walioonyeshwa hali ya uchumi kwa jumla waliilaumu zaidi jamii na serikali. Kwa hiyo hata kisa cha kutia huruma kinaweza kumgeukia mwenyewe.

Wahariri wanaopenda kusimulia habari kupitia mtu mmoja wana jibu, na si la kupuuzwa: jedwali la takwimu halisomwi. Kampuni za ng'ambo za kufichia mali ziliandikwa miaka mingi bila watu kushtuka. Zilipovuja mwaka 2016 nyaraka milioni 11.5 za kampuni ya mawakili ya Panama iliyokuwa ikiunda kampuni hizo, watu walimwona Waziri Mkuu wa Iceland, Sigmundur Davíð Gunnlaugsson, akiulizwa mbele ya kamera kuhusu kampuni ya aina hiyo, kisha akiinuka na kuondoka. Siku chache tu baadaye alijiuzulu. Sura moja ilifanya kazi iliyozishinda ripoti nyingi.

Sawa, lakini tazama gharama ya kuipata sura hiyo. Mla posho ya wizi, yaani anayechota misaada ya serikali kwa udanganyifu, hupatikana kortini asubuhi yoyote, mwandishi akakaa benchi la nyuma na daftari lake. Mwenye mali anayepunguza kodi hupitia mhasibu, wakili na kampuni zenye majina yasiyosema kitu, mara nyingi bila kuvunja sheria yoyote, na akibanwa humalizana na mamlaka ya kodi faraghani. Chumba cha habari chenye waandishi wachache kitaandika lipi? Sioni haja ya kutafuta njama hapo, urahisi unatosha.

Watetezi wa wanyonge nao wana hila zao. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipunguza posho ya pango kwa wapangaji wa nyumba za umma wenye vyumba vya ziada: asilimia 14 ya pango kwa chumba kimoja, 25 kwa viwili au zaidi. Yenyewe iliiita hatua hiyo kuondoa ruzuku ya chumba cha ziada. Wapinzani wakaiita ushuru wa chumba cha kulala, na jina lao likashinda hata magazetini, ingawa hakuna ushuru uliotozwa. Nakiri jina hilo lilifikisha machungu ya sera kuliko lugha ya wizara. Lakini majina yote mawili yalilikwepa swali ambalo mpangaji aliyebaki kuchagua kati ya kufidia pengo hilo na kuhamia nyumba ndogo angeuliza kwanza: hizo nyumba ndogo za kuhamia ziko wapi, na ni ngapi?